Ruzuku kwa Kaya Masikini: Matokeo Yake Hupimwaje?

Katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Nyasa, Mbaha ikiwa mojawapo, kipato cha watu hufuata majira. Usipa wanapojaa nyavuni, fedha huonekana. Januari na Februari, kabla ya mavuno, hata nyumba yenye bidii huhesabu mihogo yake. Tuchukue, basi, kaya inayopokea ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, uendeshwao na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Tukiitembelea Februari, kabla haijapewa chochote, kisha tukarudi Juni na kuwakuta watoto wameshiba, je, tuisifu ruzuku au tulisifu shamba?

Kulinganisha jana na leo, kwa hiyo, hakutoshi. Kuwalinganisha waliopewa na jirani zao wasiopewa nako kuna kasoro, maana waliopewa walichaguliwa kwa kuwa ndio mafukara zaidi: wataonekana wako nyuma hata kama wamesaidiwa sana. Dawa ya tatizo hili, iliyoazimwa kutoka majaribio ya kilimo na ya tiba, ni kura. Meksiko iliitumia katika mpango wake ulioanza 1997. Hapa Tanzania ilitumika katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viligawanywa kwa kura: 40 vikaanza kulipwa Januari 2010, na 40 vikangoja hadi upimaji wa mwisho, mwaka 2012. Kumngojesha maskini kwa ajili ya hesabu si jambo la kufurahisha. Lakini kura, angalau, haina undugu.

Ruzuku hiyo ilikuwa na masharti. Watoto wadogo wapelekwe kliniki. Wa umri wa shule wahudhurie walau asilimia 80 ya siku za masomo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wapimwe afya mara moja kwa mwaka.

Matokeo yalikuwa na fumbo lake. Mahudhurio ya kliniki yaliongezeka mwanzoni, kisha yakapungua. Mkaguzi anayesoma daftari la zahanati peke yake angeandika kwamba mpango umedorora. Kumbe siku ambazo watoto wadogo waliugua zilikuwa zimepungua, na asiyeumwa hana haja kubwa ya mganga. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Watoto wengi zaidi, hasa wasichana, walimaliza darasa la saba. Mbuzi na kuku waliongezeka. Uvumi kwamba fedha zingeishia kilabuni haukuthibitika.

Je, matokeo hayo yaweza kusafirishwa mzima mzima hadi Mbaha? Kwa maoni yangu, hapana. Mpango ulianza kuenezwa nchini kuanzia 2012, mwaka uleule ambao Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga. Lakini Kibaha iko mlangoni mwa Dar es Salaam, na Chamwino ni nchi ya wafugaji na wakulima wa nyanda kavu. Penye ziwa, akiba ya mtu yaweza kuwa wavu au mtumbwi, navyo havionekani katika hesabu ya mbuzi. Mpimaji wa Mbaha angepaswa kuuliza habari za nyavu, na kuziuliza walau mara mbili kwa mwaka: Februari, na tena baada ya mavuno, katika vijiji vilivyopata na visivyopata kwa wakati mmoja.