Ubora wa Koti Haumo Katika Lebo

Mnunuzi wa koti la mtumba mjini Bagamoyo aghalabu hulipia lebo yenye jina la mbunifu mashuhuri. Hata hivyo, ubora wa koti umo katika kitambaa na ushonaji wake.

Kwanza, kitambaa. Sufu ni protini, kama nywele. Uzi mmoja uliochomolewa kwenye ukingo wa ndani ukiunguzwa hunuka nywele, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa tone gumu. Katika joto la pwani tofauti hiyo ni kubwa: sufu huweza kunyonya mvuke kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake kabla ya kuhisika imelowa, poliesta hunyonya chini ya asilimia 1.

Pili, kifua. Kati ya kitambaa cha nje na bitana limo tabaka linalolipa koti umbo. Bana kitambaa cha nje kwa mkono mmoja na bitana kwa mwingine, uvitenganishe taratibu. Tabaka la kati likiteleza peke yake, limeshonwa. Lisipohisika, limegandishwa kwa gundi. Gundi hafifu huachia kwa joto na unyevu, na kifua kikafanya malengelenge.

Majaribio haya hayagharimu kitu, wala hayahitaji kusoma lebo.