Madai ya Dodoma, madeni ya getini

Mtalii asiye mkazi anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame kwa siku 7 ameshailipa hifadhi pesa nyingi kabla kampuni yake haijanunua hata mkungu wa ndizi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, ada ya uhifadhi ni dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na uokoaji dola 20 kwa safari nzima. Siku 7 na usiku 6 zinafika dola 810. Ongeza VAT ya asilimia 18, jumla inakaribia dola 956.

Sasa chukua kampuni inayotangaza safari hiyo hiyo kwa dola 1,400. Imebaki na dola 444 za kulipa wapagazi, mpishi, waongozaji, chakula, gari la kwenda na kurudi, hoteli ya Moshi, leseni na kodi ya mapato. Mtalii mmoja wa njia ya kambi huhitaji wapagazi 3 au 4. Tukishika kiwango kinachotajwa kila mara katika biashara hii, dola 10 kwa mpagazi kwa siku, wapagazi 4 kwa siku 7 ni dola 280. Zinazosalia, dola 164, hazitoshi kugharimia mengine yote hata kwa muujiza. Kuna mtu anapunjwa, na watu wa Moshi wanamjua: ni yule aliyebeba jiko.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo ya sera kuhusu utalii wa mlima huanzia na kuishia kwenye kodi. Wamiliki wa kampuni wakikutana na waziri, hotuba ni ile ile: tozo ni nyingi, VAT inatuumiza, leseni ni ghali. Malalamiko hayo yana ukweli, na yapo yanayostahili kusikilizwa haraka. Lakini orodha yao haijakamilika.

Tuanze na lililo la haki yao. Safari ya mlimani huuzwa mapema. Wakala wa London au Berlin hupanga bei za mwaka ujao miezi 12 kabla mteja hajashuka uwanja wa ndege wa KIA, na bei ikishachapishwa haibadiliki kirahisi. Serikali yetu nayo husoma bajeti Juni na kuanza kuitekeleza Julai 1, msimu ukiwa umeshaanza. Mwaka 2016 VAT iliwekwa kwenye huduma za utalii kwa mtindo huo. Kampuni zilizokuwa zimeshapokea pesa za wageni zilibaki na njia mbili: kuwaandikia wateja kuomba nyongeza, au kuifidia kodi kutoka mfukoni. Kodi yenyewe haikuwa ajabu. Muda ndio uliokosewa. Kinachotakiwa ni kanuni rahisi: badiliko lolote la ada ya hifadhi au kodi ya utalii litangazwe angalau mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika. Hazina haipotezi chochote kwa kusema mapema.

Kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi ni mfano mwingine. Nia yake, kuilinda shilingi, inaeleweka. Lakini Moshi ni mji ambao karibu kila bei ya utalii ilitajwa kwa dola, kuanzia safari yenyewe hadi bahshishi ya mpagazi. Hapa kampuni zilihitaji maelekezo ya kina mapema, si kila mhasibu kutafsiri kanuni kwa namna yake.

Na kuna intaneti. Agosti 2022 Serikali ilijivunia kufikisha mtandao wa kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Miaka mitatu baadaye, kuanzia Oktoba 29, 2025, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wiki chache kabla ya msimu wa Desemba. Wageni wanaopanga safari hutuma maswali na malipo kwa mtandao, na kampuni isiyojibu huonekana imefungwa. Filamu ya Royal Tour ya 2022 iliitangaza nchi vizuri; ukimya wa siku chache nao hutangaza.

Tuje kwenye ambalo kampuni haziliweki kwenye hotuba.

Kanuni za hifadhi zinasema mzigo wa kampuni anaobeba mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitwa, watakusimulia jinsi mizani inavyozungukwa: watu wanapimiwa mizigo wakiwa wengi, geti likishapitwa baadhi wanarudishwa nyumbani, na mizigo yao inagawanywa kwa waliobaki. Malipo nayo yana hila zake. Kuna anayelipwa baada ya wiki 3, anayekatwa chakula, anayeambiwa bahshishi ndiyo mshahara, na anayelazimika kumpa kiongozi chochote ili jina lake liandikwe. Mkataba ni wa mdomo, kwa hiyo akienda kulalamika hana karatasi.

Mradi wa KPAP umekuwa Moshi tangu 2003, ukifuatilia jinsi kampuni washirika zinavyowalipa na kuwalisha wapagazi. Umefanya mengi. Lakini kampuni hujiunga kwa hiari, na inayopunja haina sababu ya kujiunga. Matokeo yake, mwenye kampuni anayelipa vizuri anashindana sokoni na yule wa dola 1,400, na mteja wa ng'ambo haoni tofauti kwenye tovuti zao. Ushindani wa bei ya chini namna hii unamuumiza mwajiri mwema kuliko VAT inavyomuumiza.

Dawa yake si ghali. Kibali cha kupanda tayari hutolewa getini kikiwa na orodha ya wafanyakazi wa safari. Basi malipo ya kila jina lililo kwenye orodha hiyo yapite kwenye simu, M-Pesa au mtandao mwingine wowote, na kampuni isipewe kibali kipya mpaka ionyeshe kumbukumbu za malipo ya safari iliyotangulia. Mizani iwekwe pia kwenye kambi ya kwanza. Hifadhi ya Kilimanjaro (KINAPA), ofisi ya kazi ya mkoa na vyama vya wapagazi wana kila kitu cha kuanzia.

Hapo ndipo kampuni za mfukoni zitakapojitenga zenyewe. Hizi ni zile zinazouza mtandaoni bila TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, kisha zinapandisha wageni kwa jina la kampuni nyingine yenye leseni na kugawana faida. Wenye leseni hulalamika juu yao kila kikao, ingawa ni wenye leseni hao hao wanaowakodisha majina. Sheria ya Utalii ya 2008 iliiacha biashara ya kupandisha milima kwa Watanzania, na agizo la Julai 2025 likawazuia wasio raia kufanya kazi ya kuongoza watalii. Kulinda soko kwa uraia ni jambo moja. Kulilinda dhidi ya Mtanzania anayempunja Mtanzania mwenzake ni jambo jingine, na bado halijapewa uzito.

Vijiji vya chini ya mlima navyo vina hoja. Kwa miongo mingi wananchi wa Marangu, Mweka, Machame na kwingineko walitumia ukanda wa Nusu Maili kupata kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 hifadhi ilipanuliwa ikameza msitu, ukanda huo ukiwamo, na mvutano haujaisha. Oktoba 2020 moto uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 za mlima. Maelezo ya awali ya TANAPA yalitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula eneo la Whona, njia ya Marangu. Licha ya mvutano huo, waliopanda kuuzima, pamoja na askari na wahifadhi, walikuwa mamia ya wananchi na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Wafanyabiashara wakidai sehemu ya mapato ya geti irudi kwenye halmashauri za Moshi, Rombo, Hai na Siha kwa ajili ya barabara za kwenda getini, maji na vifaa vya zimamoto, wataungwa mkono na majirani hao. Wakidai punguzo la kodi tu, wataimba peke yao.

Kuhusu gari la kebo la kupandisha watalii mlimani, lililotangazwa 2019 na kuzua zogo, msimamo wangu ni mfupi: mlima huu unauza siku. Kila siku ya mgeni mlimani ni ada kwa hifadhi na mshahara kwa wapagazi, waongozaji na mpishi, na siku hizo hizo huupa mwili nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Mradi wa kuzifupisha uje na hesabu ya ajira zitakazopotea, ijadiliwe Moshi kabla ya Dodoma.

Wapo watakaosema kumbana mwajiri kutapandisha bei na kumfukuza mgeni. Aende wapi? Mlima Kenya una mita 5,199, na anayetaka kilele kirefu kuliko vyote Afrika hana pengine pa kwenda zaidi ya mita 5,895 za Uhuru. Bei ikipanda kwa dola 150 ili wapagazi walipwe haki yao, atakayekimbia ni mteja aliyekuwa akipandishwa kwa jasho lisilolipwa.

Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi ya wadau miezi mingi kabla ya bajeti kusomwa. KATO na vyama vingine vya wenye kampuni vya Moshi visisubiri Mei. Vipeleke ombi la notisi ya mwaka mmoja pamoja na utaratibu wa kulipa wapagazi kwa kumbukumbu, katika waraka mmoja, na huo wa pili utangulie.