J.R. Richard, mrushaji ambaye maumivu yake hayakusadikiwa

James Rodney Richard, aliyejulikana zaidi kwa herufi mbili za J.R., alizaliwa Machi 7, 1950 huko Vienna, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Alikua akafikia kimo cha sentimita 203, na viganja vyake vilikuwa vipana kiasi kwamba inasimuliwa aliweza kushika mipira minane ya besiboli kwa mkono mmoja. Mwaka 1969 timu ya Houston Astros ilimsajili akiwa kijana wa pili kuchaguliwa nchini kote.

Katika besiboli, kila kitu huanzia kwa mrushaji. Husimama juu ya kichuguu mita 18.4 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, naye hujitahidi kuupitisha mpira kwa namna ambayo gongo halitaugusa. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka. Mpira wa Richard ulikaribia kasi ya kilomita 160 kwa saa. Kwa urefu wa miguu na mikono yake, ulipomtoka kiganjani tayari ulikuwa umemkaribia mpigaji kuliko kawaida. Alikuwa pia na mpira wa hila, uliokuja kama umenyooka kisha ukachepuka ghafla ukishafika.

Mechi yake ya kwanza katika ligi kuu, Septemba 5, 1971, aliwatoa wapigaji 15 wa San Francisco Giants na kuifikia rekodi ya mechi ya kwanza aliyoiweka Karl Spooner mwaka 1954. Hata hivyo alichukua miaka kukomaa, kwa kuwa kasi alikuwa nayo lakini shabaha ilimponyoka, na mara kadhaa alirudishwa ligi za chini. Mwaka 1976 alishinda mechi 20. Mwaka 1978 aliwatoa wapigaji 303, na mwaka uliofuata 313, akiruhusu wastani wa alama 2.71 tu kwa kila vipindi tisa, yaani mechi nzima. Hakuna aliyekuwa na wastani bora zaidi msimu huo katika National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu.

Msimu wa 1980 ulianza vizuri kuliko yote. Kufikia katikati ya Julai alikuwa ameshinda mechi 10 na kupoteza 4, kwa wastani wa alama 1.90, na ndiye aliyeanza kurusha kwa upande wa National League katika mechi ya nyota wote huko Los Angeles, Julai 8. Lakini kwa wiki kadhaa alikuwa akilalamika kwamba mkono wake wa kulia umekufa ganzi, na kwamba unachoka upesi. Mara nyingine aliomba kutolewa mechi ikiwa bado mbichi.

Wengi hawakumwamini. Baadhi ya magazeti na mashabiki walimwita mvivu. Wengine walidai ana wivu kwa sababu Astros ilikuwa imemsajili mrushaji Nolan Ryan kwa mshahara wa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, wa kwanza wa kiwango hicho katika besiboli. Zilienea hata fununu za dawa za kulevya. Ni vigumu kuzitenga shutuma hizo na ukweli kwamba Richard alikuwa mtu mweusi, mwenye mwili mkubwa na asiyewabembeleza waandishi. Mtu aliyerusha vipindi zaidi ya 290 mwaka uliotangulia hakustahili kuitwa mvivu.

Mwishoni mwa Julai vipimo vya hospitali vilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kwenye mkono wa kulia umeziba. Madaktari waliona hahitaji upasuaji, wakamruhusu mazoezi mepesi. Julai 30, akirusha mpira taratibu katika uwanja wa Astrodome, alianguka. Kilikuwa kiharusi: damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wa shingoni, na upande wake wa kushoto ukapooza. Usiku huo alifanyiwa upasuaji wa dharura. Baadaye ilibainika kwamba mshipa wa mkono ulikuwa ukibanwa kati ya mtulinga na ubavu wa juu kila alipoinua mkono kurusha.

Msimu huo Astros ilifika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake, bila yeye. Alijaribu kurudi kupitia ligi za chini, lakini macho na mwili havikuwa na wepesi wa zamani, na mwaka 1984 timu ikamwacha. Alibaki na ushindi wa mechi 107. Fedha zake ziliyeyuka katika biashara zilizomtapeli na katika talaka, hata mwaka 1994 akakutwa analala chini ya daraja la barabara kuu jijini Houston. Kanisa na wanabesiboli wa zamani walimsaidia kusimama tena, akawa mhubiri na kuwahudumia watu wasio na makazi.

Rekodi yake ya kuwatoa wapigaji 313 katika msimu mmoja ilidumu Astros kwa miaka 40, hadi mrushaji Gerrit Cole alipofikisha 326 mwaka 2019. Richard alifariki Houston mwezi Agosti 2021, akiwa na miaka 71.