NURU ISIYOONEKANA NA TEZI NNE ZA SHINGO

Mto Ruvuma huanza safari yake katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na kuishia baharini kusini ya Mtwara, penye mikoko ya mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Kwa maelfu ya miaka mvua zimeuosha udongo wa nyanda za juu na kuteremsha madini joto hadi baharini. Ndiyo sababu ugonjwa wa rovu, yaani kuvimba kwa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, umejulikana zaidi katika nyanda za juu za kusini kuliko pwani, ambako samaki huwapatia watu madini hayo.

Rovu nyingi hazihitaji kisu. Lakini rovu ikikua hata ikabana njia ya hewa, au ikishukiwa kuwa na saratani, daktari mpasuaji hulazimika kuiondoa. Hapo ndipo linapozuka swali letu: ataiondoaje thairoidi bila kuwadhuru majirani zake wadogo?

Tezi zilizojificha

Nyuma ya thairoidi zimejibanza tezi nyingine, kwa kawaida nne, ziitwazo parathairoidi. Kila moja ni kubwa kidogo tu kama punje ya mchele, na rangi yake hukaribiana na ile ya mafuta yanayoizunguka. Ivar Sandström wa Uppsala, Uswidi, alianza kuziona katika shingo ya mbwa mwaka 1877, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1880 akazieleza kwa binadamu.

Kazi yake ni kutawala kiasi cha kalsiamu katika damu, ambayo neva na misuli huitegemea. Zikikatwa kwa bahati mbaya, au zikinyimwa damu, kalsiamu hushuka. Siku moja au mbili baada ya upasuaji mgonjwa huhisi ganzi midomoni na vidoleni, kisha misuli hukakamaa. Hali ikizidi, pumzi na moyo huwa hatarini. Mara nyingi tezi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Zisipopona, mgonjwa huhitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D maisha yake yote, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa mvuvi wa Msimbati, ambaye lazima asafiri hadi mjini Mtwara kupata maabara ya hospitali, huo si mzigo mdogo.

Tezi zinazong'aa zenyewe

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza jambo la ajabu. Parathairoidi ikimulikwa kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanometa 785, hufyonza nuru hiyo na kutoa nyingine dhaifu, ya nanometa 820 hivi, kwa ukali unaoizidi thairoidi. Hakuna dawa inayopakwa wala kudungwa. Kwa kuwa jicho letu hukoma karibu na nanometa 700, nuru hiyo huonwa na kamera yenye kichujio maalumu. Molekyuli inayoitoa bado haijatambuliwa kwa yakini. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu vyombo viwili vya kwanza vya aina hii kutumika hospitalini.

Mwalimu anaweza kuionyesha nuru ya namna hiyo darasani. Abonyeze rimoti ya televisheni mbele ya kamera ya simu: katika simu nyingi taa ya rimoti itaonekana ikiwaka, ingawa macho ya wanafunzi hayaoni kitu.

Msaada huu ni muhimu hasa katika upasuaji wa tundu dogo. Humo daktari hutazama skrini, na kidole chake hakiwezi kupapasa tishu.

Hata hivyo nuru ina mipaka yake. Tezi iliyokatiwa damu bado hung'aa. Hivyo mng'ao hueleza tezi ilipo, hauelezi kama itaishi. Ili kuujua mzunguko wa damu, madaktari hudunga mshipani rangi iitwayo kijani cha indosianini, ambayo hung'aa kila inapopitishwa na damu. Tena vyombo hivi ni ghali, wala haviondoi haja ya daktari aliyejifunza vema maumbile ya shingo.

Kinga iko jikoni

Kinga ya kwanza ni kupunguza idadi ya shingo zitakazohitaji kisu. Wanafunzi wengi hudhani kuwa chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha. Sivyo: maji yakikauka katika mashamba ya chumvi, kama yale ya pwani ya Mtwara, chumvi hubaki na madini hayo kidogo mno. Lazima yaongezwe kabla chumvi haijafungwa na kuuzwa, iwe italiwa pwani au kule Songea. Hivyo mzalishaji wa chumvi anayetimiza wajibu wake huzilinda tezi za shingo kabla hata mgonjwa hajamfikia mpasuaji.