SABABU NI MOJA, USHAHIDI NI MWINGINE

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa aandike insha ya kutoa maoni, mara nyingi huanza kwa kishindo. Husema jambo fulani ni baya, hutaja sababu tatu, hutia methali mbili, hufunga kwa neno la kiongozi mkubwa, kisha hupewa alama nzuri akaenda zake. Hatumlaumu, maana ndivyo alivyofundishwa. Lakini yafaa tuulize swali moja ambalo pengine yeye hakuulizwa: katika karatasi yake yote, ni wapi alipoonyesha kwamba asemayo ni kweli?

Sababu ni jibu la swali, "Kwa nini wasema hivyo?" Ushahidi ni jibu la swali, "Umejuaje?" Sababu hutoka katika fikira za msemaji. Ushahidi hukaa nje yake, mahali ambapo mtu mwingine, hata asiyempenda, aweza kwenda kuutazama, kuuhesabu au kuupima, akakuta jambo lile lile.

Tuseme mwanafunzi ataka shule yao ya kutwa iwape watoto chakula cha mchana. Kwa nini? Kwa sababu mtoto mwenye njaa hashiki masomo. Hiyo ni sababu, tena njema. Akiombwa uthibitisho, huandika kwamba njaa hudhoofisha mwili, na mwili dhaifu hauwezi kazi ya akili. Hapo hakuongeza kitu. Amerudia sababu ile ile kwa maneno mengine. Ushahidi umo katika daftari la mahudhurio. Ni watoto wangapi huitika majina yao asubuhi, na wangapi wamo darasani saa nane mchana? Siku ambazo uji ulipikwa, hesabu ilikuwaje? Akileta hesabu hiyo, hata mjumbe mbishi wa kamati ya shule itambidi akubali, au alete hesabu yake.

Methali zetu ni hazina, wala hatusemi zitupwe. Lakini methali haithibitishi jambo. Mwenye kutaka mradi ucheleweshwe atasema, "Haraka haraka haina baraka." Mwenye kutaka uanze kesho atajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wote wawili wamenena vizuri, na hakuna aliyetuambia kama fedha zipo na kama saruji imefika. Iko na ile isemayo, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Siku hizi ambapo uvumi huruka kutoka simu hata simu kabla ya chai kupoa, mtu anayeitumia methali hiyo kuwa ushahidi aweza kumwangamiza jirani yake asiye na kosa.

Na neno la mkubwa je? Neno la kiongozi ni ushahidi kwamba kiongozi alilisema. Kama mvua ilinyesha au haikunyesha, hilo hupimwa kwa kipimo cha mvua. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjenge mtu mwenye moyo wa kudadisi. Kumnukuu pasipo kudadisi ni kumheshimu kwa mdomo tu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya darasani. Historia ya nchi yetu yasema vingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo katika Tanganyika, ulikuja kutazama ardhi, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika, Kenya na Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947.

Msomaji azitazame sababu zao. Waingereza walihitaji mafuta: kweli. Karanga hutoa mafuta: kweli. Matrekta hulima upesi kuliko jembe la mkono: kweli. Kila sababu ilikuwa na nguvu, na hakuna hata moja iliyojibu swali kama udongo wa Kongwa na mvua ya Kongwa vitazaa karanga. Hesabu za mvua za miaka mingi hazikuwapo za kutosha, wala udongo haukupimwa ipasavyo. Mchanga uliomo ukaziparuza na kuzila zana. Udongo wa mfinyanzi, jua lilipowaka, ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikanaswa ardhini. Mvua nayo ikawa haba. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Wagogo waliokaa na ukame ule vizazi kwa vizazi walikuwapo hapo hapo, nao walikuwa mashahidi wazuri kuliko hoja yoyote iliyoandikwa London.

Mfanyakazi naye asidhani hayamhusu. Kamati ya wafanyakazi ikienda kwa mwajiri kudai glavu na mabuti, ikasema tu kwamba afya ni mali ya taifa, mwajiri ataitikia kwa kichwa na kuahidi kulifikiria. Ikienda na daftari la ajali, lenye tarehe, mashine iliyomjeruhi mtu, na siku alizokosa kazi, mazungumzo hubadilika. Haki imepotea mara nyingi mikononi mwa wenye haki, kwa kuwa walikuwa na sababu kumi na ushahidi hawakuwa nao.

Hata hivyo tusiinamie upande mmoja. Rundo la tarakimu lisilo na sababu nalo ni bubu. Anayeandika kwamba darasa lina wanafunzi 90 na madawati 20 hajatoa hoja mpaka aseme hesabu hiyo yathibitisha nini. Sababu huunganisha ushahidi na dai, kama gundi iunganishavyo mbao.

Twajua mwalimu atasema: darasa limejaa, maktaba hakuna, huo ushahidi wataupata wapi? Twamjibu kwamba ushahidi haukai vitabuni peke yake. Umo katika bei za sokoni zilizoandikwa kila Jumamosi kwa mwezi mmoja. Umo katika foleni ya ndoo kisimani. Umo katika vinywa vya wazee watatu walioulizwa kila mmoja peke yake, si wote pamoja barazani. Mwalimu na achore mistari miwili ubaoni ipatikane safu tatu: dai, sababu, ushahidi. Achukue hoja moja ya mtaani, na darasa lipange kila sentensi mahali pake. Safu ya tatu ikibaki tupu, na ibaki tupu waione, kisha wapewe siku tatu waende kuijaza. Wakirudi na ushahidi unaopinga dai lao, wasifiwe kwa kubadili dai, wala wasipunguziwe alama.

Lakini kijana anayefundishwa hivi hataliacha swali lake shuleni. Atakuja nalo nyumbani, kiwandani na katika mkutano wa tawi, na siku moja atasimama mbele ya mwenyekiti aulize kwa adabu, "Mzee, hilo umelijuaje?" Walimu twawaomba wamfundishe kuuliza. Sisi tulio wakubwa twapaswa kujizoeza kumjibu pasipo kukasirika, na pale tusipokuwa na ushahidi, tuahirishe uamuzi mpaka tuutafute.