Siri za Mwanga (3): Awamu Haipimwi Peke Yake

Katika sehemu ya pili tuliona kuwa mwanga husafiri kama wimbi lakini hupokelewa punje kwa punje, yaani fotoni. Leo tutazame awamu: mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa.

Wimbi la leza yenye urefu wa nanomita 1064 hupanda na kushuka takriban mara trilioni 280 kwa sekunde. Hakuna kihisi cha umeme kinachoweza kuufuata mwendo huo. Vihisi hupima nguvu ya mwanga tu. Ndiyo maana awamu hupimwa kwa kulinganisha. Kioo maalumu huugawa mwali mmoja, kila nusu hupita njia yake, kisha mbili hizo hukutanishwa. Kilele kikikutana na kilele, mwanga huzidi. Kikikutana na bonde, hufifia. Hivyo tofauti ya awamu hugeuka kuwa tofauti ya mwangaza.

Kwa mbinu hiyo, tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO nchini Marekani, yenye mikono (njia mbili za mwali) ya kilomita 4, ilinasa mawimbi ya mvutano yaliyotoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyoungana. Urefu wa mikono ulibadilika kwa kiasi kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni.

Kinachozuia usahihi zaidi ni nini? Fotoni hufika kwa kubahatisha, hazina foleni. Ukitaka kupunguza kosa la awamu mara 10, huna budi kuongeza fotoni mara 100. Lakini mwanga mkali nao husukuma vioo na kuleta kosa lake. Mwaka 1981 Carlton Caves alionyesha kwamba makosa yote mawili hutokana na mtikisiko unaoingia kupitia mlango wa mtambo usiopitishiwa mwali, kwa sababu hata ombwe hutikisika. Akapendekeza mlango huo uingizwe mwanga uliobanwa, ambao mtikisiko wake wa awamu umepunguzwa na ule wa nguvu ukaongezeka. LIGO inautumia tangu 2019.

Hili ndilo fundisho kubwa la kwantamu: mashaka hayafutiki, ila tunaweza kuyahamishia pale yasipotudhuru.

Sehemu ya nne itaeleza kwa nini jaribio la Paul Dirac la mwaka 1927, la kuiingiza awamu katika hesabu za kwantamu, lilileta mgogoro uliodumu miongo mingi.