Fahamu: Starlet kuukuu inavyogeuzwa gari la autokrosi

Barabara ya kitaifa namba 5 ya Kongo, inayopita Uvira, Baraka na Fizi, huwafunza makanika mengi kuhusu shokapu. Mashindano ni jambo jingine.

Katika autokrosi dereva hushindana na saa kwenye njia fupi ya udongo. Kenya ina ubingwa wake wa taifa, na Stoni Athi, kaunti ya Machakos, ni mojawapo ya viwanja vyake.

Toyota Starlet EP82, iliyoundwa kuanzia 1989 hadi 1995, inafaa: ni nyepesi, na injini ya 4E-FE ina sentimita za ujazo 1,331 tu. Viti vya nyuma na zulia hutolewa. Breki na shokapu hufuata, kisha bamba la kukinga sampu ya oili.

Turbo isubiri! Pesa iende kwenye kizimba cha kumlinda dereva gari likibiringika. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) hutaka mabomba ya chuma yasiyo na mshono. Tao kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5. Bomba la maji, hata likichomelewa kwa ustadi, linaweza kupasuka mshononi.

Usukani wa kulia, uliozoeleka mashariki mwa Kongo ingawa magari hupita mkono wa kulia, hausumbui uwanjani: hakuna lori la kulipita.